Mbwa Asiyeweza Kufumba Kinywa

Leo twapenda kuzungumza habari za kinywa cha mbwa, maana wako watu waliokufa kwa kumhurumia mbwa wao.

Mbwa mzima ana meno 42. Mtoto wake ana 28, nayo huanza kung'oka apatapo miezi minne hivi. Basi mkiokota kijino mlangoni msihangaike. Mbwa haozi meno sana kama sisi tupendao sukari. Adui yake ni ukoga. Utando wa vijidudu hushika jino karibu na ufizi, na chumvi zilizomo katika mate huugeuza ukawa mgumu kama chokaa. Kinywa hunuka, ufizi huvimba na kutoka damu, kisha jino hulegea, na mbwa hutafuna kwa upande mmoja tu. Daktari wa mifugo aweza kuukwangua ukoga huo. Kuukwangua kwa kisu nyumbani ni kumtesa mnyama na kujitafutia kuumwa.

Pengine mfupa hukwama, ukalala kingamo chini ya kaakaa, baina ya magego ya huku na huku. Mbwa huyo huachama, mate humchuruzika, naye hujipapura uso kwa miguu ya mbele.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi wetu twadhani kwamba mbwa mwenye kichaa lazima akimbie ovyo na kuuma kila akutanaye naye. Si hivyo sikuzote. Iko namna ya kichaa iliyo kimya: misuli ya taya hupooza, taya la chini likaning'inia, mbwa asiweze kumeza, sauti yake ikabadilika. Hujilaza tu kivulini. Mwenyewe humwona, akasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa," akatia mkono kinywani kuutafuta. Mate yakiingia katika mchubuko mdogo tu, yatosha. Ng'ombe naye, akiisha kuumwa na mbwa wa namna hiyo, aweza kutokwa na mate na kushindwa kumeza, watu wakadhani amekwamwa na embe.

Kwa hiyo msitie mkono. Mfungieni mbwa mahali peke yake pasipo kumshika, mkamwite daktari wa mifugo. Aliyekwisha kuguswa na mate yale penye jeraha, au machoni, au mdomoni, na aoshe mahali pale kwa maji mengi yatiririkayo muda wa dakika 15. Jeraha lioshwe kwa sabuni pia. Kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Lakini chanjo hufaa kabla ya ugonjwa kuonekana; dalili zikiisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Zaweza kukawia miezi miwili au mitatu, na jeraha limekwisha kusahauliwa.

Wala msiwaulize watu wazima peke yao ni nani aliyemgusa mbwa yule. Waiteni watoto pia, mkawaulize kwa upole, maana mtoto aogopaye fimbo hatasema.