Kompyuta ya Mtumba Inahitaji Mwenyeji

Ofisi ikinipigia simu kwamba inataka kuzipa shule kompyuta zake za zamani, siulizi kwanza ziko ngapi. Nauliza kama zinawaka, kama zina nyaya zake, na kama taarifa za ofisi zimefutwa. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, na Jumamosi nyingi hujitolea katika shule za sekondari za kata. Nimeshafunguliwa chumba kilichojaa kompyuta za msaada ambazo hazijawahi kuwashwa. Waliozileta walipiga picha, wakaondoka.

Inaniuma, kwa sababu kompyuta ya miaka minane bado ina nguvu. Mara nyingi kinachoifanya izubae ni ile diski ngumu ya kuzunguka. Nikiitoa nikaweka diski ndogo ya SSD isiyozunguka, nikaongeza kumbukumbu (RAM) ifike GB 8, nikapuliza vumbi kwenye feni, mwalimu haamini kuwa ni mashine ileile. Na ikiwa saa yake inapotea kila ikizimwa, tatizo huwa ni kibetri bapa cha CR2032, cha volti 3, kinachobadilishwa kwa dakika moja.

Mashine hizi sasa zinatolewa kwa wingi. Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mimi huziwekea Linux Mint na LibreOffice, zote za bure. Shule isiyo na intaneti naiwekea Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia ya Kiswahili ndani ya kompyuta yenyewe. Mtoto anaanza na Kilimanjaro, anahamia kwenye volkeno, na hakuna bando linalokatika.

Lakini mtu wa kuzitunza ndiye adimu kuliko vipuri. Mara nyingi ni mwalimu wa fizikia aliyeongezewa TEHAMA juu ya vipindi vyake. Siondoki mpaka ashike bisibisi mwenyewe.

“Fundi, nikiiharibu je?”

“Fungua tu, mwalimu. Nipo hapa.”

Akishaifungua na kuifunga ikawaka, shule imepata fundi wake.

Kenya wamelifanya jambo hili la kuzipa shule kompyuta za mtumba kwa mpangilio. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, hutengeneza kompyuta zilizotumika kabla ya kuzipeleka shuleni, na kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kituo cha kushughulikia taka za kielektroniki jijini Nairobi. Hilo la taka ni muhimu: mashine iliyokufa kabisa isipewe shule, maana shule haina pa kuitupa.

Kwa hiyo wewe mwenye ofisi, piga simu shuleni kabla ya kupakia gari. Uliza kama umeme upo, kama madirisha yana nondo, kama kuna mwalimu aliye tayari. Nawe unayejua kutandaza mtandao au kutumia Excel, tenga alasiri moja kwa mwezi, umfundishe mwalimu mmoja, kisha urudi mwezi unaofuata.