Usukani Uko Wapi? Kumfundisha Mwanagenzi Kurusha Ndege ya Tarakilishi kwa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yalitokana na ajali. Ndege aina ya Cessna 172 ilikuwa ikishika kasi kwenye njia ya kurukia ya Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, ilipoanza kuvutika upande wa kushoto. Nilimwambia rubani, "Geuza usukani kulia!" Aligeuza. Ndege ikalaza bawa la kulia kidogo, ikaendelea kwenda kushoto vile vile, ikaacha lami na kuishia majanini pua chini. Hakuumia mtu, kwa sababu rubani mwenyewe alikuwa mpwa wangu wa miaka 14, na uwanja wote ulikuwa ndani ya skrini ya tarakilishi, katika chumba cha ghorofa ya pili huku kwetu Makupa.

"Lakini mjomba, nimegeuza ulivyosema," alinung'unika. Naye alisema kweli. Kosa lilikuwa langu, au tuseme lilikuwa la neno. Katika kurasa hizi nakusudia kueleza namna mtu anavyoweza kuanza kukitumia kiigaji cha urushaji ndege nyumbani, na papo hapo kuonyesha jinsi msamiati wetu unavyotusaidia na unavyotutega katika kazi hiyo. Msomaji atanisamehe iwapo jambo la pili litalimeza la kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si rubani.

Kiigaji ni nini?

Kiigaji ni chombo kinachomwekea mwanagenzi mazingira ya kazi bila hatari ya kazi yenyewe. Wengi husema simuleta, na sina ugomvi nao. Hata hivyo nalipenda neno kiigaji kwa kuwa latoka katika kitenzi kuiga, ambacho sisi wa fasihi tumekizoea tangu tulipofundishwa kwamba Aristotle aliiona sanaa kuwa ni mwigo. Tofauti ni kwamba katika tamthilia mwigizaji akikosea hadhira hucheka, ilhali katika kiigaji chuma huanguka.

Chombo cha awali kilichovuma kiliundwa na Mmarekani Edwin Link mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda, na Link akatumia mivukuto ile ile ya vinanda kukitikisa na kukiinamisha kisanduku chenye umbo la ndege. Mwanzoni watu walikiona kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipokuwa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua visanduku sita, na tangu hapo mchezo ukawa shule. Viigaji vya majumbani vilifuata baadaye sana: Bruce Artwick alitoa programu yake ya kwanza mwaka 1979, na Microsoft ikaanza kuuza Flight Simulator mwaka 1982.

Toleo la Microsoft la mwaka 2020 ni zuri ajabu, lakini lilihitaji nafasi ya gigabaiti 150 na intaneti isiyokatika. Kwa nyumba inayonunua bando la siku kwa siku hiyo ni hadithi ya Alfu Lela. Sisi tulichagua FlightGear, programu ya bure ambayo yeyote aruhusiwa kuinakili na kuirekebisha. Jambo moja ningemshauri mwenye kuanza ni kwamba asiharakie kununua vifaa. Jostiki moja yatosha, ila awe mwangalifu iwe ile inayoweza pia kusokotwa kwenye mhimili wake. Sababu yake ndiyo kiini cha ajali yetu.

Neno usukani na ajali yetu

Mtoto wa leo akisikia usukani hukumbuka gurudumu la matatu: dereva aligeuza kulia, gari likaenda kulia. Maana hiyo ni ya juzi tu. Kwa mabaharia wa pwani hii usukani ni ule ubao uliofungwa nyuma ya chombo, kwenye tezi, unaokata maji na kukielekeza chombo. Mkono wa kuushikia huitwa kana. Gari lilipokuja, neno lilihama kutoka kwenye ubao wa majini hadi kwenye gurudumu la mkononi. Wanaisimu huita hilo upanuzi wa maana, na aghalabu tunalisifu kuwa ni njia ya kuunda istilahi isiyo na gharama. Gharama yake tuliilipa majanini.

Sababu ni kwamba ndege ina vyote viwili. Mbele ya rubani kuna gurudumu au fimbo: akiivuta, pua huinuka, akiisukuma, pua huinama, akiigeuza kulia, ndege hulalia bawa la kulia. Huo ni usukani wa dereva. Lakini nyuma, kwenye mkia uliosimama wima, kuna ubao unaogeuka kushoto na kulia kwa kukata hewa, nao huendeshwa kwa miguu. Huo ndio usukani wa jahazi, umbo kwa umbo na kazi kwa kazi. Ndege ikiwa bado chini, fimbo ya mkononi karibu haina uwezo wa kuigeuza; kinachoiongoza ni miguu.

Sasa, kwa nini ndege ilikwenda kushoto? Rafadha ya Cessna, au pangaboi kama wasemavyo mitaani, huzunguka kuelekea kulia kwa mtu aliyeketi kitini. Injini ikipewa nguvu zote, hewa inayosukumwa nyuma huzunguka kiwiliwili cha ndege na kuupiga mkia ubavuni, na chombo chenyewe nacho hulemea upande ulio kinyume cha mzunguko. Matokeo yake pua huenda kushoto. Rubani yeyote wa ndege hiyo hukanyaga pedali ya kulia kila anaporuka. Mpwa wangu hakuwa na pedali, lakini jostiki yake ilisokoteka, na kule kusokota ndiko kulikokuwa usukani wa mkia. Nilipomwambia "geuza usukani" yeye alielewa usukani wa matatu, nami nilikuwa na wa jahazi akilini.

Jioni ile nilimshirikisha mzee mmoja jirani yetu, baharia mstaafu aliyewahi kusafiri kwa majahazi. Alisikiliza, akatazama skrini, akasema kwa upole: "Mwanangu, huyu kijana umempa kana ukamnyima usukani." Tangu siku hiyo kwetu fimbo ni kana, na usukani ni wa mkia peke yake. Najua kwamba kwa baharia kana ni mkono wa usukani wenyewe, kwa hiyo hata suluhisho hili lina kasoro. Lakini kijana hakukosea tena, na katika kufundisha hilo si jambo dogo.

Upepo, dira na nambari za njia

Mahali Kiswahili kilipotusaidia pasipo shida ni katika upepo. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu bawa hubebwa na kasi ya hewa inayopita juu na chini yake, si kasi ya magurudumu juu ya lami. Upepo wa mbele ukiwa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ndege huwa imeshapata noti hizo kabla haijasogea.

Njia kuu ya uwanja wa Moi ina urefu wa takriban kilomita 3.35, na miisho yake imepewa nambari 03 na 21. Nambari hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: 03 ni kuelekea nyuzi 30, na 21 ni kuelekea nyuzi 210. Nilimuuliza mpwa wangu: kaskazi yatoka wapi? Akajibu kama mtoto yeyote wa Mombasa, kaskazini mashariki. Basi kuanzia Disemba hadi Machi njia ya kutumia ni ipi? Alifikiri kidogo. "Sifuri tatu, mjomba. Na kusi ikivuma ni ishirini na moja." Hakuna aliyemfundisha hilo, lilikuwamo ndani ya majina. Mabaharia waliotutangulia waliigawa dira sehemu 32 na kuzipa nyingi kati yake majina ya nyota, kama suheli kwa upande wa kusini. Kila sehemu ina nyuzi 11 na robo, hesabu ambayo ni nzuri kwa kumzoesha mtoto mgawanyo wa duara.

Na rubani mwenyewe? Neno hili lina asili ya Kiarabu na lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Rubani ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, na hadi leo wapo marubani wanaoziingiza meli Kilindini. Ndege nalo limehama, ila sarufi imeweka mpaka: ndege ameruka ni kiumbe, ndege imeruka ni chombo. Nafikiri ni wachache miongoni mwetu wanaotambua jinsi upatanisho huo unavyofanya kazi ya neno zima.

Kuruka kwa mara ya kwanza

Kwa anayeanza, utaratibu wetu ulikuwa huu. Tulichagua Cessna 172 na uwanja wa Moi, mchana, bila mawingu. Injini tuliiwasha kwa amri iliyo katika menyu, kwani kuiwasha hatua kwa hatua ni somo la siku nyingine. Kisha breki ya maegesho huachiliwa, na nguvu huongezwa polepole, si kwa ghafla, huku usukani wa mkia ukisokotwa kulia kidogo kidogo. Geji ya kasi ikifika noti 55, ambazo ni karibu kilomita 102 kwa saa, kana huvutwa taratibu. Mwanagenzi huvuta mno. Pua ikiinuka kupita kiasi kasi hupungua, hewa huachana na mgongo wa bawa, na ndege huanguka ingawa injini inanguruma. Dawa yake ni kinyume cha hofu: ni kuisukuma kana mbele. Mpwa wangu alianguka mara saba kabla mkono wake haujakubali jambo hilo. Herufi P husimamisha kila kitu, nasi tuliitumia sana ili tuzungumze kabla ya kifo.

Baada ya kupanda kwa noti 75 hivi, tulipinda kulia, tukavuka hori la Tudor na kuingia kisiwani. Aliitafuta nyumba yetu. Hakuipata, kwa sababu katika programu yetu majengo ni ya kubuniwa, hayana roshani za Mji wa Kale wala paa la nyumba yetu. Lakini bahari ilikuwa mahali pake, na kisiwa kilikuwa na umbo lake. Alinyamaza. Amekivuka kivuko cha Likoni mara nyingi na hakuwahi kujua kwamba kisiwa ni kidogo hivyo.

Swali la Kiingereza

Watakuwapo wasemao kwamba juhudi hizi ni bure, kwa kuwa lugha ya redio angani ni Kiingereza. Ni kweli. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, humtaka rubani wa safari za kimataifa afikie angalau kiwango cha 4 cha umilisi wa lugha itumikayo redioni, na mara nyingi hiyo ni Kiingereza. Kijana wangu pia hujifunza maneno ya herufi, na amechekeshwa sana na Tango, Papa na Lima, kwamba marubani wa dunia nzima hutajiana tunda la kachumbari, samaki mkali na kazi ya jembe bila kujua. Vile vile ni kweli kwamba saa za nyumbani hazihesabiwi: leseni ya rubani binafsi hutaka umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 za urushaji, na gharama yake sisi hatuna.

Ila redio ni maneno machache yaliyokaririwa. Kuelewa kwa nini pua huenda kushoto ni jambo jingine. Nilijaribu kumweleza kwanza kwa Kiingereza, lugha anayofunzwa sayansi darasani; aliitikia kwa kichwa, akaanguka. Nilipoeleza kwa jahazi, tezi na usukani, aliuliza maswali. Naamini katika kuuliza ndiko kulikoanza kujua.

Maneno yaliyotushinda

Si kwamba tumefaulu kote. Vile vipande vya bawa vishushwavyo wakati wa kutua ili ndege ibebeke kwa mwendo mdogo, tumeviita flapi tu, baada ya kukataa vibawa na mabapa. Mzee jirani alipendekeza tuseme kutua tanga, lakini baharia hutua tanga ili kulipunguza, na hapa bawa linaongezwa ukubwa. Njia ya kutulia nayo ilimfanya kijana acheke, akidhani ni njia ya kustarehe, kwa kuwa tua na tulia ni shina moja.

Juma lililopita alitua Ukunda, kama kilomita 30 kusini ya kisiwa, kwa noti 65 na flapi zote zikiwa chini. Alidunda mara mbili, akapita katikati ya mstari, akasimama kabla lami haijaisha. Kisha akageuka akaniuliza breki za ndege kwa Kiswahili zaitwaje. Nikamwambia: breki.