Kidonda Chini ya Manyoya

Katika Mkoa wa Singida ni nadra kuona kaya isiyo na kuku. Alfajiri kuku hutoka mahali walipolala, wakaenda kutafuta punje za mtama na uwele zilizoanguka uani. Jioni hurudi wenyewe. Mama wa nyumba akihitaji chumvi, au madaftari ya watoto, au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, humkamata kuku mmoja akamwuza. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 700 hivi, ambako hupelekwa kwa magari wakiwa ndani ya matenga. Basi kuku ni akiba ya nyumba, na akifa bure akiba hiyo imepungua.

Kuku wengi hufa kwa kideri, ugonjwa unaohitaji chanjo. Lakini wako wengine wafao kwa jambo ambalo lingalizuiwa kwa maji, chumvi na macho mazuri: kidonda kilichoingiliwa na nzi.

Kuku hupata vidonda kwa njia nyingi. Mwewe hushuka kunyakua kifaranga, na mama yake akimtetea hupigwa kucha mgongoni. Usiku kicheche huingia bandani na kuuma. Jogoo akimpanda tetea mara nyingi, vipi vya miguu yake huchana ngozi ya ubavuni. Wenzake nao humdonoa aliye dhaifu, maana kuku akiona mahali pekundu hapaachi. Tena kuku mwenye kuhara hulowa manyoya ya chini ya mkia, na ngozi ya hapo huchubuka.

Damu na kinyesi vina harufu, na harufu hiyo humwita nzi wa rangi ya kijani king'aacho. Nzi huyo hutaga mayai madogo meupe, hata 200 kwa mara moja, penye kidonda au penye manyoya yaliyolowa. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa kwa muda usiozidi siku moja, yakatoka mabuu. Watu wengi huyaita funza, ingawa funza wa kweli ni yule aingiaye katika vidole vya miguu. Mabuu hayo hula, hunenepa, na kuchimba vijishimo chini ya ngozi. Baada ya siku chache huanguka chini, hujifukia udongoni, na humo hugeuka kuwa nzi wapya. Wakati wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili, nzi huwa wengi, na hatari huzidi.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba manyoya huficha yote. Kuku huonekana mzima kwa juu, kumbe chini analiwa. Mwangalifu huzijua dalili zake: kuku hujitenga, hukunjamana, huacha kula, hudonoa mahali pamoja mara kwa mara, na hutoa harufu ya kuoza. Aonapo dalili hizo hangoji kesho. Humkamata kuku, akapuliza manyoya yafunguke, akatazama chini ya mkia, chini ya mabawa, mgongoni na shingoni.

Matibabu huanza kwa kumtenga mgonjwa na wenzake. Mwenye kuku hunawa mikono kwa sabuni, humfunika kuku kwa kitambaa ili atulie, na kumshika bila kumbana kifua. Maana kuku hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, akibanwa sana atakosa pumzi. Kama damu inatoka, hukandamiza kitambaa safi juu ya kidonda kwa dakika kadhaa mpaka ikome.

Kisha huandaa maji ya kuoshea. Huchemsha lita moja ya maji, hutia vijiko viwili vidogo vya chumvi, na kuyaacha mpaka yawe vuguvugu. Manyoya yanayozunguka kidonda huyakata kwa mkasi wala hayang'oi, kwani kuyang'oa ni kuichana ngozi upya. Humwaga maji polepole juu ya kidonda, tena na tena. Mabuu yatokayo huyaondoa moja moja kwa kibano, huku akitazama kila kishimo, maana mabuu hukimbilia ndani yaonapo mwanga. Yote huyatia katika maji yanayochemka au motoni. Yakiachwa ardhini yatakuwa nzi.

Kidonda kikiisha kuwa safi, hukausha kwa kitambaa, akapaka dawa ya iodini iliyochanganywa na maji hata ikawa na rangi ya chai hafifu. Akikosa iodini hupaka asali safi kidogo, na asali haikosekani Singida, kwa kuwa hurinwa katika misitu ya Manyoni. Asali hunyonya majimaji ya kidonda, na vijidudu haviwezi kustawi ndani yake. Lakini huvuta siafu na nzi, kwa hiyo kuku aliyepakwa asali hukaa ndani, chini ya kipande cha chandarua.

Kuku aliyeoshwa huwekwa mahali pakavu penye joto, hasa mwezi wa Juni na Julai, kwa sababu usiku wa nchi ile ya juu ni wa baridi, na kuku aliyelowa huganda upesi. Hupewa maji safi na mtama uliopondwa. Baada ya saa 12 hutazamwa tena, maana mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Kazi ya kuosha huendelea asubuhi na jioni mpaka lisionekane buu hata moja na nyama iwe nyekundu safi. Harudishwi kundini mpaka kidonda kifunikwe na ngozi, ama sivyo wenzake watamdonoa.

Wako watu wanaomimina mafuta ya taa kidondani. Ni kweli mabuu hutoka, lakini mafuta hayo huunguza nyama na hupenya ngozi, na kuku hudhoofika zaidi. Mafuta ya gari nayo ni sumu. Kinachoponya ni kuosha kwa subira, wala si ukali wa dawa. Kidonda kikiingia tumboni, au mfupa ukivunjika, shauri la afisa mifugo latakiwa. Na kuku asiye na tumaini huchinjwa ili asiteseke. Aliyepewa dawa ya sindano au ya kunywa haliwi, wala mayai yake, mpaka zipite siku alizotaja afisa huyo.

Wengine husema kwamba mabuu husafisha kidonda, hivyo yaachwe. Neno hili lina asili yake. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mmarekani William Baer aliwaona askari wawili waliolala uwanjani siku saba wakiwa na majeraha makubwa yaliyojaa mabuu. Akastaajabu kuona nyama chini yake ni safi. Baadaye alitibu watu kwa mabuu huko Baltimore. Lakini mabuu ya matabibu huchaguliwa kwa aina yake, huzalishwa katika hali ya usafi, huhesabiwa, na huondolewa baada ya siku chache. Ya kuku hayakuchaguliwa na mtu. Katika Afrika yuko hata nzi ambaye mabuu yake hula nyama iliyo hai. Kwa hiyo kuyaacha ni kumwacha kuku afe.

Kinga yake ni nyepesi kuliko tiba. Banda hufagiwa na kuwekwa kavu, mizoga huchomwa au kufukiwa mbali, ncha za vipi vya jogoo hupunguzwa, na misumari iliyochomoza hung'olewa. Matenga ya safari hayajazwi kupita kiasi. Na wakati wa mvua, jioni kuku wanapotulia kulala, mtoto mmoja wa nyumba aweza kuwapitia wote kwa taa, akiinua mkia wa kila mmoja na kutazama. Kazi hiyo haichukui muda wa kupika ugali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yai la nzi lililoonwa leo huondolewa kwa kitambaa na maji. Likiachwa, kesho ni buu, na baada ya siku chache tu huenda nyumba ikawa haina kuku wa kuuza.