Moshi wa Jikoni na Njia ya Kuutoa: Kofia, Dohani na Feni katika Nyumba za Shinyanga na Geita

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja kutoka upande wa Kishapu alimleta bibi yake katika kliniki yangu ya magonjwa ya kifua. Bibi alikuwa amekohoa kwa muda mrefu, na alikwisha kupewa dawa za kifua kikuu mara mbili bila vimelea kuonekana kwenye makohozi. Hakuwahi kuvuta sigara. Kipimo cha kupuliza pumzi kilionesha mirija iliyobana kwa kiwango ambacho kwa kawaida hukuta kwa mvutaji wa miaka thelathini. Nilipokwisha kumwandikia dawa, kijana alibaki amesimama mlangoni, akaniomba jambo ambalo sikufundishwa chuoni: barua yenye mhuri, inayosema kwamba macho ya bibi yake ni mekundu kwa sababu ya moshi.

Aliyezaliwa Usukumani hahitaji kuelezwa ombi hilo lilitoka wapi. Wako vikongwe waliodhaniwa wachawi na kuuawa, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Ushahidi huo ulitengenezwa jikoni. Shinyanga ilipoteza miti yake mapema, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, kufufua ngitili na kuirudisha misitu. Mahali ambapo kuni ni za shida, mwanamke hupikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nishati zinazotoa moshi mzito kuliko kuni kavu. Akikaa humo miaka arobaini, macho hayawezi kubaki meupe.

Niliiandika barua, nikaigonga mhuri. Kisha nikamuuliza moshi wa jiko la bibi unatokea wapi. Akajibu, "Unatokea mlangoni, daktari, kama sisi."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kinachodhuru zaidi ni chembe ndogo zisizozidi maikromita 2.5, ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unataka wastani wa chembe hizo usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo katika saa 24. Katika jiko la mafiga lisilo na tundu, kipimo hufika mamia, na moto unapowashwa huweza kupita elfu. Hapo ndipo zinapotoka nimonia za watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika, ugonjwa sugu wa kuziba mirija ya hewa, mtoto wa jicho, na sehemu ya magonjwa ya moyo.

Kofia ya moshi ni kitu rahisi. Ni mwavuli wa bati au wa udongo unaokaa juu ya moto, wenye bomba linalopanda hadi nje ya paa. Hauhitaji umeme, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe. Kazi yetu ni kuikamata kabla haijatawanyika. Shirika lililoitwa zamani ITDG, ambalo leo ni Practical Action, lilizijaribu kofia za namna hii katika nyumba za Wamasai wa Kajiado na kwa familia za magharibi mwa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na kuongeza madirisha na kupanua uwazi wa paa. Kofia ndizo zilizopunguza moshi zaidi, kwa zaidi ya nusu. Jambo ninalolipenda katika kazi ile ni kwamba mpishi hakutakiwa kuacha mafiga yake wala chungu chake.

Kofia nyingi ninazoziona vijijini hushindwa kwa makosa yale yale. Huwa nyembamba, wakati inapaswa kupita ukingo wa moto kwa shibiri moja hivi kila upande. Huwekwa juu mno, karibu na dari, hali moshi umekwisha kutanda. Ishushwe mpaka pale ambapo mpishi bado anaweza kusonga ugali bila kugonga kichwa, na pande tatu zizibwe kwa ukuta au bati, ubaki uwazi wa mbele tu. Bomba lenye upana wa kikombe cha chai halitoshi kwa mafiga. Lipande wima, kwa sababu kila kona hupunguza mvuto, na mdomo wake upite kilele cha paa, vinginevyo upepo huurudisha moshi ndani. Palipoezekwa nyasi, bomba la moto lisigusane na nyasi kabisa. Chumba nacho kinahitaji tundu la chini la kuingizia hewa safi. Bila hilo, kofia haina cha kuvuta. Masizi yasipokwanguliwa, bomba huziba taratibu, na mwenye nyumba husema kofia imeharibika.

Jiko la udongo lenye dohani ni ndugu wa kofia. Hapa moto hufungiwa, na moshi huingia bombani moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Guatemala na kuchapishwa mwaka 2011 ulionesha kuwa majiko hayo yalipunguza kwa takriban nusu gesi ya kaboni monoksidi waliyoivuta watoto. Nimonia kali zilipungua kwa kama theluthi, ingawa upungufu wa nimonia kwa jumla haukuthibitika kitakwimu. Kule Malawi, majiko ya kuni yaliyoboreshwa lakini yasiyo na dohani yaligawiwa katika utafiti wa watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonesha tofauti yoyote ya nimonia. Kwa hiyo huwa sifurahii sana ninaposikia "jiko bora" likisifiwa pasipo mtu kuuliza moshi wake unakwenda wapi. Hata mkaa, usio na moshi wa kuonekana, hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu.

Mijini, Kahama na Geita, gesi ya mitungi inaenea, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Wanaojenga nyumba mpya huniuliza kuhusu kofia za umeme. Ziko za aina mbili. Ya kwanza hufyonza hewa na kuitoa nje kwa bomba. Ya pili huipitisha kwenye chujio na kuirudisha jikoni; hupunguza mafuta na harufu, lakini kaboni monoksidi hubaki chumbani. Kama ukuta unaruhusu kutobolewa, nunua ya kwanza. Jiko la mita tatu kwa tatu lenye kimo cha mita 2.5 lina mita za ujazo 22.5, kuibadilisha hewa hiyo mara kumi kwa saa kunahitaji feni ya mita za ujazo kama 225 kwa saa. Chujio la mafuta lioshwe mara kwa mara, hasa katika mikahawa, maana mafuta yaliyoganda hushika moto.

Jambo moja ni la ukanda wa dhahabu peke yake. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iondoke. Wapo wanaochomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la chakula. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, na takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa huingia mwilini; mwingine huganda kwenye dari na kuta. Hakuna kofia ya jikoni inayotibu hilo: isiyo na chujio maalumu humpelekea jirani tu. Retoti, chombo cha chuma kinachofungwa na kuupoza mvuke urudi kuwa kimiminika, hukamata sehemu kubwa, nayo itumike mbali na makazi. Mkataba wa Minamata, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka uchomaji katika maeneo ya makazi ukomeshwe.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mama anayekohoa bila vimelea, andikeni kwenye faili anapikia nini na moshi unatokea wapi. Akitetemeka mikono, au fizi zimevimba na usingizi umepotea, ulizeni nani anachoma dhahabu nyumbani, kisha mpelekeni apimwe zebaki kwenye mkojo.

Bibi wa Kishapu alirudi baada ya miezi minne. Mapafu yake hayakurudi, nami sikumwahidi hivyo, lakini macho yalikuwa yametulia kidogo. Mjukuu alikuwa ametengeneza kofia kwa bati kuukuu, na alikuja na swali: mvua ikinyesha, maji yanashuka bombani na kuzima moto. Nikamchorea kifuniko kidogo cha bati juu ya mdomo wa bomba, kikiachwa na nafasi ya kiganja chini yake ili moshi upite.