Gugu Karoti na Ardhi Iliyo Uchi

Tushukapo kutoka vihamba vya Kilimanjaro kwenda Moshi, twaweza kuona kandokando ya njia mmea wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Huo ndio gugu karoti, mgeni kutoka nchi za Amerika, uliotambuliwa Arusha mwaka 2010. Mche mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri kwa magurudumu ya motokaa, kwa maji na kwa kwato za mifugo. Hutangulia kuota palipochimbwa au palipolishwa mno. Penye kivuli cha migomba na majani yaliyotandazwa hustawi kwa shida. Ng'ombe akiula, maziwa huwa machungu. Nasi tukiugusa, ngozi huwasha. Basi tuung'oe kabla ya kuchanua, mikono ikiwa imefunikwa, wala ardhi yetu tusiiache uchi.