UDONGO WA KANDO YA MTO: CHIMBA KWANZA, PANDA BAADAYE

Ndugu msomaji, mwezi wa Septemba tembea kando ya mto wowote wa Usukuma. Iwe ni mto Simiyu, Duma au Magogo, au kijito cha kijijini kwako. Utaona ardhi nzuri. Ni tambarare. Haina mawe wala visiki. Udongo wake umekauka, na vumbi lake ni laini kama unga. Mtu anayetafuta shamba hufurahi. Husema, "Hapa nimepata."

Lakini Septemba ni kiangazi. Ardhi unayoiona wakati wa kiangazi siyo ile utakayoikuta wakati wa mvua. Mkulima hodari haulizi tu, "Je, ardhi hii ni tambarare?" Huuliza pia, "Je, maji yakifika hapa yanakaa siku ngapi?" Jibu la swali hilo limo ndani ya udongo wenyewe. Leo tutajifunza namna ya kulisoma.

KIJANA NA SHAMBA LAKE

Hebu tumfikirie kijana mmoja. Ameoa karibuni, naye anataka shamba lake mwenyewe. Anapata ekari mbili kando ya mto. Mwezi wa Novemba anapanda mahindi. Mahindi yanaota vizuri na kufika magotini. Majirani wanamsifu.

Mwezi wa Desemba mvua inanyesha siku nne mfululizo. Kisha inakatika. Kule mlimani ardhi inakauka kwa siku moja. Lakini shambani mwa kijana maji hayaondoki. Yanasimama kati ya mistari ya mahindi. Baada ya siku chache majani ya chini yanageuka manjano. Mahindi yanadumaa. Wakati wa kuvuna anapata madebe machache tu.

Kijana anakwenda kwa bibi yake, ambaye ni mfinyanzi wa vyungu.

"Bibi, mbegu niliyouziwa ilikuwa mbovu."

"Mjukuu wangu, mbegu haina kosa. Mahali pale ndipo nilipokuwa nikichimba udongo wa kufinyangia. Chungu kizuri hakivuji. Wewe ulipanda mahindi yako ndani ya chungu."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kijana huyu ni wa mfano tu. Lakini hasara kama yake ni ya kweli. Mbegu inapotea, nguvu zinapotea, na nyumba inakosa chakula cha mwaka.

UDONGO HUO ULITOKA WAPI?

Udongo wa kando ya mto uliletwa na maji. Mvua ikinyesha, maji huchukua udongo kutoka vilimani na kuupeleka mtoni. Mto ukifurika, maji hutoka nje ya kingo zake na kutapakaa bondeni. Hapo mwendo wake hupungua. Mchanga ni mzito, kwa hiyo huanguka kwanza, karibu na ukingo. Udongo laini kama unga huchukuliwa mbele kidogo. Mfinyanzi ni mwepesi kuliko yote, maana chembe zake ni ndogo mno. Huo hubaki ndani ya maji muda mrefu, kisha hutua polepole mahali maji yaliposimama.

Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Baadaye mto ukachimba njia yake chini zaidi. Sakafu yake ya zamani ikabaki juu, kama ngazi. Mahali pengine kuna ngazi moja, na mahali pengine kuna mbili au tatu. Hizo ndizo ardhi tambarare tunazoziona kando ya mito.

Sasa angalia jambo hili. Mara nyingi sehemu iliyo karibu na mto imeinuka kidogo na ina mchanga. Sehemu ya nyuma, karibu na mtelemko wa kilima, iko chini kidogo na ina mfinyanzi. Maji ya mvua yakianguka pale nyuma, hayana njia ya kwenda mtoni. Tena maji ya kilimani nayo huteremka na kukusanyika hapo hapo. Kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na udongo wa aina mbili au tatu. Hatua chache tu, mambo yamebadilika.

Wakulima wa Usukuma walilijua jambo hili tangu zamani. Wana majina ya udongo wao. Luseni ni udongo wa mchanga wa kwenye mitelemko. Itogolo ni udongo wa chini ya mtelemko, wenye tabaka gumu ndani yake. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Milima ya Usambara, aliandika juu ya jambo hili. Alieleza kwamba udongo hufuatana kutoka juu ya kilima hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Akauita mfuatano huo katena, maana yake mnyororo. Elimu hiyo inafundishwa duniani kote mpaka leo.

KWA NINI MAJI YANATUAMA?

Kuna sababu nne.

Kwanza, ardhi ni tambarare. Maji hayana mahali pa kutelemkia.

Pili, chembe za mfinyanzi ni ndogo sana, na nafasi kati yake ni ndogo pia. Maji hupita kwa shida.

Tatu, udongo laini kama unga hupigwa na matone ya mvua, ukajiziba juu. Ukikauka hufanya ganda gumu. Mvua inayofuata haiingii ndani.

Nne, mara nyingi chini kuna tabaka gumu. Maji yakifika hapo husimama, kama chai ndani ya kikombe.

KWA NINI MAHINDI YANAGEUKA MANJANO?

Mizizi hupumua kama sisi. Hewa yake imo katika nafasi ndogo ndogo za udongo. Maji yakijaza nafasi hizo, hewa hutoka. Mizizi ya mahindi ikikosa hewa kwa siku chache, huanza kufa. Haiwezi tena kutafuta chakula. Tena, vijidudu vilivyomo katika udongo usio na hewa huigeuza sehemu ya mbolea ikawa hewa, nayo hupotea. Ndiyo maana majani hugeuka manjano hata kama ulitia mbolea.

Mpunga ni tofauti. Ndani ya mpunga mna njia za hewa, kama mirija, kutoka majanini mpaka mizizini. Mpunga huivuta hewa juu na kuipeleka chini. Kwa hiyo unaweza kusimama ndani ya maji na ukastawi.

UDONGO UNA KUMBUKUMBU

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya maji kutuama ni rangi ya udongo.

Ndani ya udongo mna chuma. Chuma kikipata hewa hufanya kutu, kama msumari uliotupwa nje. Ndiyo maana udongo wa mahali penye hewa ni mwekundu, au una rangi ya kahawia. Lakini mahali ambapo maji hukaa muda mrefu hakuna hewa. Kutu huyeyuka, na udongo hubaki na rangi ya kijivu, kama majivu.

Mahali ambapo maji huja na kuondoka, utaona rangi mbili pamoja. Udongo ni wa kijivu, na ndani yake mna madoa ya kutu. Mara nyingi madoa hayo hufuata njia za mizizi ya zamani, kwa sababu hewa iliingilia hapo.

Rangi hizo haziondoki wakati wa kiangazi. Uso wa shamba unaweza kuwa mkavu kabisa, lakini udongo wa chini bado unakumbuka maji. Huo ndio ushahidi wako wa mwezi wa Septemba.

CHIMBA SHIMO

Kabla ya kupanda, au kabla ya kukubali kupewa shamba, fanya hivi:

1. Chimba shimo lenye kina cha kufika juu kidogo ya goti lako. Chimba zaidi ya mahali pamoja: karibu na mto, katikati, na nyuma karibu na mtelemko.

2. Tazama rangi. Kama udongo ni mwekundu au wa kahawia mpaka chini, maji hayakai. Kama ni wa kijivu wenye madoa ya kutu chini tu, karibu na mwisho wa shimo, maji hupanda wakati wa mvua kubwa. Kama rangi hiyo inaanza karibu na juu, ndani ya urefu wa rula ya shule, yaani sentimita 30, maji hukaa hapo muda mrefu. Usipande mahindi wala pamba.

3. Shika udongo. Ulowanishe kidogo, kisha uufinyange. Mchanga hukwaruza vidole na haushikamani. Udongo laini kama unga huteleza, lakini ukiusokota kama kamba hukatika. Mfinyanzi hunata. Ukiusokota unafanya kamba ndefu, na unaweza kuikunja ikawa pete bila kukatika.

4. Pima kwa maji. Chimba shimo dogo lenye kina cha sentimita 30. Lijaze maji, uache yaingie ardhini. Usipime mara hii ya kwanza, maana udongo mkavu wenye nyufa hunywa maji haraka na unaweza kukudanganya. Siku ya pili lijaze tena. Simamisha rula ndani yake. Baada ya saa moja tazama maji yamepungua kiasi gani. Kama yamepungua chini ya sentimita 2, udongo huo hautoi maji vizuri.

Kumbuka: udongo mweusi wa mbuga huficha madoa. Hapo rangi peke yake haitoshi. Tumia kipimo cha maji. Tena tazama majani yanayoota hapo. Matete na majani ya jamii ya ndago yakiwa mengi, hiyo ni dalili nyingine ya maji. Na usisahau kuwauliza wazee na wafinyanzi. Kuuliza si ujinga.

UKISHAJUA, UFANYE NINI?

Udongo huu si mbaya. Una rutuba kuliko mchanga wa juu, na huhifadhi maji. Ubaya ni kuupa mmea usiouweza.

Lima mpunga. Tengeneza majaruba yenye kingo imara, usawazishe ndani, uyazuie maji ya mvua. Tabaka lile lililoua mahindi ndilo litakaloshika maji ya mpunga. Ukitumia mbolea ya chumvichumvi wakati shamba lina maji, tumia yurea au SA. Mbolea ya CAN haifai sana, maana sehemu yake hupotea hewani.

Tumia unyevu uliobaki. Mvua zikikaribia kwisha, dengu hustawi katika udongo wa mbuga. Viazi vitamu vinaweza kupandwa juu ya matuta baada ya kuvuna mpunga.

Ukitaka mazao mengine, inua matuta. Mizizi ipate hewa juu ya maji. Fanya hivyo mahali ambapo kijivu kinaanzia chini, si pale kinapoanzia juu.

Usilime kwa plau udongo ukiwa umelowa, isipokuwa unavuruga tope la mpunga. Finyanga donge, ulibonyeze kwa kidole gumba. Likivunjika, lima. Likinata, subiri. Ukilima mfinyanzi mbichi utapata madonge magumu kama matofali. Ng'ombe wakikanyaga shamba lililolowa, nao hushindilia udongo.

Ukichimba mfereji wa kutoa maji, kubalianeni kwanza na majirani. Usihamishie taabu yako shambani mwa mwenzako. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu ukingo. Pata ushauri wa afisa ugani kabla ya kuanza kuchimba.

Usijenge nyumba wala choo kwenye udongo huu. Mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta hupasuka. Shimo la choo hujaa maji, na uchafu wake unaweza kuingia visimani. Jenga juu, lima chini.

MWISHO

Kijana wetu wa mfano alipoteza mwaka mmoja. Mwaka uliofuata alichimba shimo, bibi yake akiwa amesimama pembeni. Pale kwenye mchanga, mbali na ukingo kwa zaidi ya mita 60, alipanda mahindi. Pale kwenye kijivu alijenga majaruba. Shamba lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa amelijua.

Kuchimba shimo ni kazi ya saa moja. Kulima shamba ni kazi ya msimu mzima. Basi ndugu msomaji, kabla mvua hazijaanza, chukua jembe ukasome udongo wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini udongo wa karibu na mto unaweza kuwa wa mchanga, na wa nyuma ukawa wa mfinyanzi?
2. Madoa ya kutu ndani ya udongo wa kijivu yanatuambia nini?
3. Kwa nini mpunga unastawi mahali mahindi yanapokufa?
4. Kijijini kwenu, udongo wa kando ya mto unaitwaje? Wazee walipanda nini hapo?