MORAMU YA NKOME: TRIPU INA BEI, SHIMO HALINA

Tripu ya moramu inayoshushwa Nkome hubeba gharama nne: malipo ya mwenye shamba, vibarua au kijiko cha kuchimbia, mafuta ya lori, na mrabaha wa Serikali. Gharama ya tano, ya kurudisha ardhi katika hali yake, kwa kawaida haimo. Wiki hii tunaieleza hiyo, maana ndiyo inayomwangukia mtu ambaye hakuuza wala kununua.

Mahitaji si madogo. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini, na Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Ongeza barabara za vumbi, ambazo kila mwaka hudai moramu mpya.

Wakulima wengi husema, "shamba langu, changarawe yangu." Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Mkulima ana haki ya kuitumia ardhi; madini yaliyomo, pamoja na mchanga, moramu na mawe ya kokoto, ni mali ya Jamhuri. Anayechimba kwa biashara anatakiwa awe na leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo hupewa Watanzania tu, kwa miaka 7, na kwa vifaa vya ujenzi eneo halizidi hekta 5. Mrabaha ni asilimia 3, wakati wa dhahabu ni asilimia 6. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017 msimamizi ni Tume ya Madini. Leseni hutaja kundi la madini, hivyo mwenye karatasi ya moramu akikuta mwamba wa dhahabu haruhusiwi kuufuata kwa karatasi hiyo hiyo. Huko Geita hilo si jambo la mzaha.

Kwa Nkome, iliyo kando ya Ziwa Victoria, kuna la ziada. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mchanga mzuri ndiko uliko.

Sasa tuje kwenye shimo. Mgodi mkubwa hudaiwa dhamana ya kukarabati mazingira: fedha hutengwa mapema, mgodi ukifungwa zipo. Mchimbaji mdogo hutakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira, lakini mpango ni karatasi, si fedha. Leseni ina tarehe ya kuisha, shimo halina.

Tupige hesabu ya mfano. Shimo la mita 20 kwa 30, kina mita 3, lina mita za ujazo 1,800. Kwa lori la mita za ujazo 10 ni tripu 180, bila kuhesabu udongo unavyoumuka ukichimbwa. Tuseme tripu ni Sh. 100,000: mauzo ni Sh. milioni 18, mrabaha Sh. 540,000. Kulijaza tena kunadai tripu nyingine 180 za kifusi kutoka mahali pengine, yaani shimo jingine. Hakuna atakayefanya hivyo.

Kwa bahati haihitajiki. Kinachohitajika ni kuamua siku ya kwanza: udongo wa juu, ule mweusi unaootesha mihogo, uondolewe na kurundikwa pembeni badala ya kuchanganywa na taka. Kazi ikiisha, kingo zilazwe ziwe mteremko, maji yafunguliwe njia, na udongo ule urudishwe juu. Kijiko kikiwa bado kipo ni kazi ya muda mfupi. Kikishaondoka, kukirudisha kwa lori ni gharama ambayo hakuna mwenye nayo, si kijiji wala mkulima. Mvua zikianza, kingo zilizosimama wima huporomoka, shimo hujaa maji, ng'ombe hunyweshwa hapo na watoto huogelea.

Mwenye shamba anayekubaliana na mchimbaji asiishie kwenye bei ya tripu. Aandikiwe nani atalaza kingo, na sehemu ya malipo, ambayo sisi tungependa iwe ya tripu za mwisho, ishikwe na serikali ya kijiji mpaka kazi ikaguliwe. Mkandarasi naye aombe nakala ya leseni na stakabadhi ya mrabaha kabla ya lori la kwanza kupakia.